Elfu Mbili au Karai la Udongo

Niliondoka Busia asubuhi moja kwa sababu niliwaonea wivu wanawake waliobeba makarai matupu.

Nilikuwa nimekaa nje ya chumba nilicholala na mwenzangu, sijui siku ile niifanye nini. Kazi ya kusukuma chapati nilikuwa nimeiacha. Wakapita, makarai kichwani, wakicheka kitu ambacho mimi sikukisikia. Sijawahi kuvumilia kicheko nisichojua kimeanzia wapi. Hata shule niliiacha mapema hivyo hivyo, kwa kuangalia nje ya dirisha zaidi kuliko ubaoni.

"Dada zangu, makarai matupu mnayapeleka wapi?"

"Tiira. Kuokota udongo."

"Udongo si hata hapa upo?"

"Huu wa kwenu hauna kitu ndani," mmoja akajibu, wakacheka tena.

Nikachukua begi langu, nikapanda pikipiki nyuma ya wawili kati yao.

Tiira, upande wa Uganda, watu huchimba dhahabu kwenye mashimo katikati ya mashamba ya mihogo. Wanaume hushuka shimoni. Wanawake hugonga mawe kwa nyundo hadi yawe unga, na jioni hupewa pesa kidogo, zikiwepo, pamoja na udongo ambao mwenye shimo hautaki. Udongo huo wanauosha wenyewe. Mara nyingine hubaki chembe inayong'aa, mara nyingi hubaki matope.

Mmoja wa wale niliopanda nao alikuwa na binti mgongoni, wa kama miaka miwili. Vumbi la mawe lilikuwa limemkaa mtoto kwenye kope.

"Wewe unafanya kazi gani?" aliniuliza.

"Bado sijaamua."

"Basi nishikie huyu wakati unaamua."

Nikamshika. Saa sita aliposinzia, mkono wake ulipanda shingoni kwangu, ukatafuta, ukalikamata sikio langu. Alilala akilivuta taratibu kama anakamua kitu. Nilikaa bila kutikisika hadi mguu ukafa ganzi. Sikuwahi kuwa na kitu kilichonichagua namna ile.

Jioni mama yake akauliza, "Nikupe ngapi?"

Sikujua. Ng'ambo ya njia kulikuwa na kibanda cha mama mzee mmoja aliyelinda watoto wa wengi. Wote walimwita kukhu, yaani nyanya kwa Kisamia. Nikauliza yeye huchukua ngapi.

"Kukhu? Karai moja la udongo, kila Jumamosi."

"Mimi sili udongo," nikasema. "Elfu mbili kwa siku."

Niliona nimekuwa mjanja. Baada ya siku chache nilikuwa na watoto wanne chini ya turubai, na pesa taslimu mfukoni. Lakini macho yangu hayakutulia kwenye turubai langu. Watoto wa kukhu walilala mchana wote kwa pamoja, wamepangwa kwenye mkeka kama mihogo inayoanikwa. Wangu walipigania kikombe. Wake walikula uji bila kulia. Wangu waliutema, nami niliutazama uji wake kutoka mbali nikijaribu kujua ametia nini. Akina mama wakipita walianza kumsalimu yeye, tena kwa kupiga magoti, kisha wakanipungia mimi mkono.

Jumamosi ndiyo iliyoniumiza zaidi. Kukhu aliosha udongo wake mbele ya kibanda, na wanawake wote wakamzunguka.

"Huu wa nani?"

"Wa mama mapacha!"

"Mama mapacha, umeniletea matope ya bata!" Wakaanguka kwa kicheko. Karai la pili likatoa chembe ndogo kama jicho la sisimizi, wakapiga vigelegele, na aliyelileta akacheza kana kwamba dhahabu ile ni yake. Mimi malipo yangu yalikuja yamekunjwa kiganjani, anayetoa anaangalia pembeni.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho ambacho kukhu hakuwa nacho, yule binti wa sikio. Nikajiambia, kama kukhu anapendwa, basi mimi nitakuwa ghali. Mama yake akilipa zaidi, nitajua ninathaminiwa zaidi. Asubuhi ya Jumatatu nikamwambia, "Kuanzia leo ni elfu tatu."

"Dada, juzi sikupata kitu. Jana pia."

"Kazi ni kazi."

Alinitazama kidogo. "Sawa," akasema, akamrudisha mtoto mgongoni.

Mchana nilianza kujiuliza mtoto yuko wapi. Niliwaza nyundo, niliwaza midomo ya mashimo. Nikawaacha watoto wangu na jirani, nikashuka hadi kwenye mawe. Mama alikuwa anagonga, mgongo mtupu. Nikarudi mbio, nikavuka njia.

Mtoto alikuwa kwa kukhu. Alikuwa amelala mapajani mwake, mdomo wazi, mkono juu, amelishika sikio la kukhu. Analivuta taratibu, vile vile.

"Karibu, mwanangu. Vuta kigoda," akasema kukhu kwa sauti ya chini.

"Huyo hushika sikio langu."

"Sikio ni sikio." Akacheka bila kutikisa paja. "Unataka umwamshe? Mwamshe. Lakini utambembeleza wewe."



"Elfu tatu anaipata siku gani?" akaongeza. "Udongo hata akikosa kila kitu, anao."

Jioni nilimsubiri mama yake njiani. Nikamwambia nitachukua karai. Akakataa, karai lake lina mwenyewe tayari. Basi nitamlea bure, nikasema.

Hapo ndipo alipokasirika. "Bure? Mtu akilea mtoto wa mwenzake bure, ana lake moyoni."

Na mimi moyoni nilikuwa nalo langu kweli. 

Asubuhi nikawarudishia wengine watoto wao, nikaondoka na begi. Nilipita mbele ya kibanda bila kugeuza kichwa, ila sikio lilikuwa linawaka kama limevutwa. Pikipiki ilinifikisha nilipoweza kulipia, nikaendelea kwa miguu, na jua lilipoelekea kuzama nilikuwa Paya, nikiuliza chumba.

Mwanamke mmoja alikuwa nacho, nyuma ya nyumba yake, mlango wa bati na kitanda cha kamba. Alikuwa na mtoto kiunoni. Akaniuliza nafanya kazi gani.

"Nalinda watoto." Halafu, kabla sijajizuia, "Hapa kuna mwingine anayelinda?"

"Hapana. Hakuna."

Nilidhani nitafurahi.

"Wewe unachukua ngapi kwa siku?"

Nikafungua mdomo, nikageuka kuangalia ng'ambo ya njia. Kulikuwa na shamba la mtama tu, na mbuzi aliyefungwa.

"Nitakuambia kesho," nikasema, nikaingiza begi ndani.