Modemu na Radi ya Saa Nane

Kwa miezi saba mizima ya maisha yangu, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na cheti, niliamini kwamba mlio wa modemu huita radi. Sikudhani tu. Niliamini, vile mtu anavyoamini kwamba baada ya Jumanne ni Jumatano.

Habari hizo nilizipata shule ya usiku, Kisii mjini, tulikokuwa wanafunzi ishirini na wanane tukigombania kompyuta tatu, na moja kati ya hizo tatu ilikuwa ya kutazamwa tu. Mwenzangu wa dawati alitoka Nyaramba na mchana aliuza mbolea. Alituapia kwamba huko kwao kuna mkulima wa majani chai aliyeletewa modemu na mwanawe ili asome barua za ng'ambo bila kwenda posta. Akaiunganisha na simu. Modemu ikatoa ule mlio wake, kriii, kraaa, shhhh, kama jogoo anayekabwa ndani ya debe. Mara ya kwanza mawingu yakakusanyika. Mara ya pili upepo ukavuma. Mara ya tatu radi ikaingia kwa dirisha, ikazunguka meza, ikaacha kikombe cha chai kikiwa kizima na chai yake, ikaondoka na modemu.

"Sasa wewe usikize ule mlio vizuri," akaniambia. "Si ni radi ikiongea, ila kwa sauti ndogo? Radi nyingine ikisikia mwenzake yuko ndani ya nyumba, itakosa kuja kumsalimia?"

Mtu wa pwani angecheka. Sisi hatukucheka. Kwetu mvua ya alasiri huja na radi yake karibu kila siku, na hakuna boma lisilomjua jirani aliyepoteza ng'ombe. Tulilelewa kwa amri: mawingu yakija, zima redio, funika kioo, vua nguo nyekundu, toka chini ya mti. Mama yangu kule Magwagwa alikuwa akigeuza hata sufuria kifudifudi zisimetemete. Kuongeza modemu kwenye orodha hiyo hakukunitoa jasho.

Bahati ikanichekea vibaya: kazi ya kwanza niliyopata baada ya kuhitimu ilikuwa ya kuishi na modemu.

Mwajiri wangu alikuwa Mama mmoja Mhindi mwenye duka la vitabu na karatasi mjini. Alizaliwa Kisii, na Ekegusii alikiongea kwa ufasaha kiasi kwamba wauza ndizi walikuwa wakimwomba awaamulie ugomvi. Familia yake iliishi ghorofani juu ya duka, na kompyuta ilikuwa huko huko sebuleni, karibu na dirisha, jirani na rafu ya picha za miungu yake na maua mabichi. Watu waliacha barua zao dukani, mimi nazipandisha juu, nazipiga chapa, kisha modemu inapiga simu Nairobi na barua zinaondoka kwa imeli. Nilikuwa wiki ya tatu ya majaribio. Mama yangu alikuwa ameshatangaza Magwagwa nzima kwamba mwanawe anaongea na ng'ambo kila siku. Kanisani niliombewa nisisahau nyumbani. Kurudi kuchuma majani chai baada ya maombi kama yale kusingewezekana. Ingebidi nihamie Kongo.

Modemu yenyewe ilikuwa na kasi ya mzee anayepanda mlima na gunia. Barua yenye picha moja ilichukua muda wa kuivisha maharagwe makavu, na mara nyingi laini ilikatika maharagwe yakikaribia kuiva. Basi mpwa wake Mama, mwanafunzi huko Nairobi, akatuma diski kwa basi. Ndani yake kulikuwa na programu mpya ya kuwekwa ndani ya modemu kuchukua nafasi ya ile iliyozaliwa nayo. Haikuwa programu ya modemu yetu hasa. Ilikuwa ya modemu kubwa ya ukoo huo huo, na yeye na wenzake walikuwa wameirekebisha ikubali kuishi ndani ya hii yetu ndogo. Ikiingia, alisema, kasi itakaribia mara mbili, na modemu itavumilia laini zenye kelele. Kwenye karatasi iliyofunga diski aliandika: "Dakika kumi na tano. Msizime stima hata sekunde moja mpaka imalize." Akapiga mstari chini ya maneno hayo mara tatu, wa mwisho ukatoboa karatasi.

"Umewahi kufanya hii kazi?" Mama akaniuliza.

"Mara nyingi, Mama."

Nilikuwa nimeifanya mara nyingi kama nilivyokuwa nimekwenda mwezini.

Asubuhi kompyuta ilikuwa ya kupiga chapa mitihani ya shule, kwa hiyo nafasi ilipatikana saa nane mchana. Mtu yeyote wa kwetu anajua saa nane mchana ni saa ya nini. Nikajikinga. Nilivua tai yangu kwa sababu ilikuwa na mistari myekundu. Nikaifunika modemu kwa blanketi iliyokunjwa mara nne, ili ikilia isisikike mbali. Mama akapanda na kunikuta nikiichomekea blanketi pembeni.

"Inaumwa?"

"Ni vumbi, Mama."

"Toa. Itapata joto, halafu utaniambia imeshikwa na malaria."

Nikatoa, nikaanza. Sasa jambo lililonitisha ni kwamba modemu haikulia kabisa. Ilinyamaza. Kwenye skrini mstari wa bluu ulikuwa ukirefuka taratibu, asilimia kumi, ishirini, na chombo kimya kama mtu aliyekasirika. Dirishani kilima kikapotea ndani ya wingu. Asilimia arobaini. Matone ya kwanza yakagonga mabati. Asilimia sitini na moja, radi ikapiga kama lori la kokoto lililomwaga mzigo juu ya paa.

Niliruka. Wanaonijua wanasema mimi si mtu wa kuruka, lakini siku ile nilivuka kochi, meza ya chai na paka, nikatua ukutani, nikaing'oa plagi ya modemu kutoka kwenye soketi. Kwa muda wa pumzi mbili nilijiona mwokozi wa nyumba ile. Pumzi ya tatu nikaikumbuka ile karatasi iliyotobolewa.

Mvua ilipopungua nikaichomeka tena. Modemu nzima huwa na safu ya taa zinazopepesa kama watoto wanaokonyezana darasani. Hii yetu iliwasha taa moja nyekundu na kukodoa. Ilikuwa ni kawaida ukiiandikia herufi mbili, A na T, ikujibu OK, yaani niko, sema. Niliiandikia A na T mara mia tatu. Niliiandikia kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, kwa upole na kwa hasira. Kimya. Nikaichomoa tena, nikailaza plagi kwenye kochi.

Mama akapanda.

"Imemaliza?"

"Imepumzika, Mama."

"Nimeuliza imemaliza?"

"Stima ilikatika kidogo."

"Huko chini taa hazikuzima. Nani alichomoa?"

"Radi, Mama."

Akaitazama plagi, akanitazama. "Radi ilichomoa plagi, ikailaza juu ya mto wa kochi, vizuri namna hii?"

"Ni mimi," nikasema.

"Yaya!" akasema, na kwa Ekegusii neno hilo ni hapana tu, lakini yeye alilivuta likawa hukumu. "Leo ni Jumatano. Jumamosi saa sita, kama hii kitu bado imekufa, nampigia simu fundi wa Nairobi. Na fundi wa Nairobi akija, mimi siwezi kukaa na mafundi wawili. Tumeelewana, kijana?"

"Tumeelewana, Mama."

Alhamisi niliukumbatia mwongozo wa modemu kama mtu anayejiandaa kubatizwa. Ulikuwa wa Kiingereza kidogo na lugha nyingine tatu nisizozijua, na nilizisoma zote. Nyuma ya modemu kulikuwa na swichi nane ndogo zilizopangana kama meno ya mtoto. Nilizipandisha na kuzishusha kwa ncha ya kalamu, kila mpangilio nikizima na kuwasha, A na T, kimya. Mpangilio mwingine, kimya. Nadhani nilijaribu mipangilio elfu kumi, ingawa mtu wa hesabu ameniambia baadaye kwamba swichi nane haziwezi kutoa hata mia tatu.

Ijumaa alasiri, ukurasa wa mwisho kabisa, kwa maandishi ya ukubwa wa yai la chawa, nikakuta kwamba sehemu ndogo ya kumbukumbu ya modemu haifutiki. Ukipandisha swichi ya tatu na ya nane kabla ya kuwasha, sehemu hiyo peke yake inaamka, haiwezi kupiga simu wala kufanya lolote isipokuwa kupokea programu upya. Nikapandisha, nikawasha. Taa nyekundu ikaanza kupepesa. A, T. OK.

Nilipiga kelele hadi wateja wakadhani kuna mwizi. Mama akapanda na rula ya chuma mkononi.

"Imefufuka!"

"Inatuma barua?"

"Bado, Mama. Imefumbua jicho moja."

"Mimi nalipa mshahara wa macho mawili," akasema, akashuka. Na kompyuta ikachukuliwa na mitihani hadi kesho yake.

Jumamosi saa tano na robo asubuhi ndipo nilipoipata. Nilifurahi, maana asubuhi kwetu ni kweupe. Lakini Jumamosi ile mawingu yalikuja mapema. Sebuleni kulikuwa na mgeni pia: fundi wa simu, mzee mmoja wa Kenyenya, mkimya, mwenye mkanda wa kupandia nguzo kiunoni. Mama alikuwa amelalamika mwezi mzima kuhusu laini kukwaruza, na sasa fundi alikuwa ameshashuka nguzoni na kupewa chai. Akakaa kwenye kochi kunitazama nikifanya kazi. Mama naye akasimama mlangoni, mikono kifuani.

Asilimia thelathini. Ngurumo ya mbali. Asilimia arobaini na saba. Ngurumo ya si mbali. Nikaanza kusogeza kiti upande wa ukuta, kidogo kidogo, kama mtu anayetoroka kanisani. Asilimia sitini, dirisha likamulika jeupe, na mkono wangu ukaenda kwenye plagi wenyewe bila kuniuliza.

Haukufika. Fundi alikuwa ameudaka. Yale yalikuwa makucha ya mtu anayekula kwa kukumbatia nguzo.

"Momura, kijana wangu, unaenda wapi?" akaniuliza, kwa upole, kama tumekutana sokoni.

"Kuchomoa!"

"Ukichomoa si itakufa tena?"

"Itakufa, lakini sisi tutapona!"

"Wewe," Mama akasema kutoka mlangoni, "utaponea Magwagwa."

Fundi hakuniachilia. Kwa mkono wake wa pili alifika nyuma ya modemu, akabinya, akauchomoa ule waya mwembamba wa simu, akautupa sakafuni mbali na meza. Kisha akachukua kikombe chake akaendelea na chai, mkono wangu ukiwa bado kwenye mkono wake. Mimi nikautazama mstari wa bluu. Ulikuwa ukitembea tu. Hata haukushtuka.

Radi ikapiga karibu. Balbu ikafifia, moyo wangu ukafifia nayo, balbu ikarudi. Asilimia themanini na nane. Mama alikuwa akinong'ona kitu akitazama ile rafu ya maua. Mimi nilikuwa nikimwomba Nyasae, Mungu wetu, kwa Ekegusii, kwa hiyo Jumamosi ile modemu ilihudumiwa pande zote. Tisini na tano. Mia.

Taa zote zikazima. Nikasema moyoni, basi, Kongo. Halafu ikawaka moja, mbili, nne, safu nzima. Nilirudisha swichi zangu chini kwa ncha ya kalamu, nikazima, nikawasha, nikaandika A na T. OK. Nikaiuliza jina lake, ikajibu kwa jina la yule kaka yake mkubwa wa ukoo.

Mama akainama kusoma skrini. Alisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwapo. Akatazama saa ya ukutani, ilikuwa bado dakika ishirini saa sita ifike.

"Jumatatu uje saa mbili," akasema. "Barua za watu zimerundikana."

Mvua ilipokatika nikamsaidia fundi kushusha ngazi yake. Kwa vile alikuwa ameokoa kazi yangu, niliona ni haki aijue hatari aliyotuweka ndani yake. Nikamsimulia yote: mkulima wa Nyaramba, mlio, radi iliyokuja kumsalimia mwenzake, kikombe cha chai. Alinisikiliza hadi mwisho, ngazi begani, wala hakucheka.

"Radi haisikii kitu," akasema. "Waya wa simu unatoka hapa kwenda nguzo kwa nguzo mpaka kituoni. Radi ikipiga karibu na waya, inafuata waya, inaingia ndani ya nyumba. Modemu ikilia, ikinyamaza, ni sawa tu. Waya wa stima nao una hatari yake, lakini leo ulikuwa unauhitaji. Wa simu hukuuhitaji hata kidogo. Mawingu yakija, chomoa wa simu."