Siku Kidawa Alipofunua Sufuria Yangu

Kidawa alinifunulia sufuria yangu mbele za watu mwaka elfu mbili na saba, na mpaka leo sijamsamehe. Watu wananambia, "Bi Mwatumu, miaka imepita." Imepita kwao. Kwangu mie mvuke bado unapanda.

Kwetu Unguja sufuria ya harusi haifunuliwi na mtu baki. Hata mwenye harusi hagusi. Mpishi ndiye anayeondoa makaa juu ya mfuniko, ndiye anayesema bismillahi, ndiye anayefunua. Ukimfunulia mpishi sufuria yake umemvua kanga sokoni. Na Kidawa anajua. Kazaliwa Kikwajuni, mtaa mmoja na mie, chuo kimoja cha Kurani tumesoma, bakora za mwalimu mmoja tumekula.

Mie nilikuja Johannesburg mwaka huo huo kumfuata mwanangu Ameir, aliyekuwa anauza mapazia Fordsburg. Kidawa alikuwa keshakaa miaka kumi na mitatu. Wanawake wa Kitanzania wote wako chini yake: harusi yeye, maulidi yeye, hitima yeye. Ukitaka kufa ufe na ruhusa yake. Na mie kwetu nilikuwa mpishi wa kuitwa. Skuli niliishia darasa la tatu, lakini kupika harusi nimeanza sijavunja ungo.

Wiki ya pili tu nikaitwa kupika harusi ya binti wa watu wa Tanga, ukumbi wa Fordsburg. Siku moja kabla nikakutana na Kidawa kwenye duka la viungo. Nikamuuliza uso kwa uso, "Shoga, maji ya huku vipi? Naona hata chai yao haikolei."

Akanitazama, akatabasamu na lile jino lake la dhahabu. "Maji ni maji, Mwatumu."

Basi. Nikapika kwa kipimo cha kwetu, maji ya kwetu, muda wa kwetu. Nikapalia makaa juu, nikakaa pembeni najipepea. Sijasema bismillahi wala sijainuka, Kidawa huyo. Kasukuma makaa kwa upawa, kafunua. Kachukua punje, kaitafuna, kaitema kiganjani, kawaonesha watu.

"Una kiini! Huu mmepikiwa nyinyi au kuku?"

Nami nikaonja. Wali nje laini, ndani mgumu kama changarawe. Watu mia tatu wameshanawa mikono. Nilitamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Johannesburg ilivyochimbwa dhahabu ingeweza kupasuka kweli.

Sasa sikiliza uchawi wake. Kidawa akapiga makofi, wakaja wanaume wawili wamebeba masufuria matatu kutoka gari ya mumewe. Yamefungwa mablanketi, yamejaa wali, umeiva vizuri. Alikuwa kayapika toka asubuhi! Alijua. Aliniacha niungue huku kashika ndoo ya maji mkononi.

Toka siku hiyo jina langu Mama Kiini. Wakubwa kwa wadogo. Nikipita sokoni, "Shikamoo Mama Kiini." Na mie marahaba, nifanyeje.

Harusi zikanipita. Nikawa nakaanga vitumbua nauza nje ya msikiti siku ya Ijumaa. Nilipanga chumba La Rochelle, jiko tunachangia na mama mmoja Mkongo, Murielle, msusi, mtu wa Bukavu. Mlokole, anaimba toka akiamka. Mwanzo sikumpenda. Anaweka nyanya katika kila kitu, na Kiswahili chake kama gari inayoshuka mlima haina breki.

Siku moja nimebandika maharage toka adhuhuri. Alasiri ikapita, magharibi ikaingia, maharage yananitazama tu. Murielle akaja, akachungulia kwa mbali, hakufunua. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda.

"Mama, hii maharagi uliitia mu maji jana?"

"Kwetu hatulowezi. Yanapikwa yanaiva."

Akacheka mpaka akashika friji. "Mama, weye ulitoka ku bahari. Huku tuko juu! Kama kwetu Bukavu. Maji inatokota mbio, lakini haina nguvu. Iko inafanya kelele ya bure."

"Kama Kidawa," nikamwambia.

"Kidawa ni nani?"

Nikamhadithia. Akaketi chini, akasema "Vraiment!" mara sita, ndiyo "kweli!" kwa Kifaransa chao. Halafu akainuka, akanifundisha. Mchele uloweke maji ya vuguvugu. Maji zidisha. Muda zidisha. Mfuniko ulemee, mvuke usitoke. Mie nikaongeza la kwangu: nikakanda unga wa ngano, nikaziba ukingo wa mfuniko mzunguko mzima, kama Wahindi wa Fordsburg wanavyoziba biriani. Unga ukikauka unakuwa simenti. Mvuke hautoki, na Kidawa haingii.

Basi ndivyo nilivyojifunza nchi ya watu, kwa jikoni. Mengine yakaja yenyewe. Nikajua kwamba ukitaka taksi ya kwenda mjini unanyoosha kidole juu, na ukikosea kidole unajikuta Soweto. Nilijikuta Soweto mara mbili. Mara ya pili nilipewa chai. Nikajua kwamba robot ni taa za barabarani, maana siku ya kwanza mtu kaniambia "shuka kwenye robot" nikashuka natafuta mtu wa chuma. Nikajua Julai unavaa soksi pea mbili na suruali ya mwanangu ndani ya buibui, na alfajiri majani yamepakwa weupe kama mtu kamwaga chumvi. Ningejua baridi hii mapema ningemwacha Ameir arudi mwenyewe.

Na wajukuu zangu! Wananiita Gogo, ndiyo bibi kwa Kizulu. Nawaambia kwa Kiswahili, wananijibu Kizulu, wenyewe kwa wenyewe wanazungumza Kizungu. Lakini nikisema "njooni mle," wote wanaelewa, hata wa jirani.

Aliyenirudisha kwenye masufuria makubwa ni Murielle. Kanisa lao, liko ghorofa ya tatu kwenye jengo bovu huko mjini, walikuwa na sikukuu. Akanambia, "Mama, utupikie pilau."

"Mie Muislamu, Murielle."

"Pilau iko na dini?"

Nikanunua nyama mwenyewe Fordsburg, ya halali, nikapika chini uani. Wanaume wakapandisha masufuria kwa ngazi huku wanaimba, maana lifti ya lile jengo ilikufa zamani. Nikavunja unga, nikafunua. Bibi wee! Harufu ikapanda mpaka kwa mchungaji akakatiza mahubiri. Wanawake wa Kikongo wakanizunguka wanacheza, wakanivika kitenge, mmoja akanibandika noti kwenye paji la uso. Mie mtu mzima, mjane, nimesimama kanisani na noti usoni, nacheka kama kichaa.

Toka hapo Wakongo, Warundi, Wakenya, wote wananiita. Lakini watu wetu wenyewe, Watanzania, sufuria kubwa bado ya Kidawa. Mie wananipa kachumbari. "Bi Mwatumu atakata vitunguu." Miaka kumi na saba nawakatia vitunguu! Vitunguu havikuniliza, alonitia machozi ni yule mwanamke.

Mwaka juzi Kidawa akapata karatasi zake za kudumu. Kabla ya hapo hakuweza kutoka nchi hii, akitoka harudi. Miaka thelathini hajakanyaga Unguja. Mie kila Ramadhani Ameir ananipeleka. Basi mjukuu wake Vuai anaoa huko Kikwajuni, na Kidawa akatangaza mji mzima: "Wali wa harusi nitaupika kwa mkono wangu. Wajue nani alikuwa Johannesburg."

Akanikuta sokoni Fordsburg, kwenye vitumbua vyangu. Akajitwalia kimoja bila kuuliza, akala.

"Ati Mama Kiini. Wewe unakwenda kila mwaka. Maji ya kwetu vipi siku hizi?"

Nikamtazama machoni. Hakukumbuka! Hakukumbuka hata chembe. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Nikampangusia sukari kwenye shavu kwa kitambaa changu. "Maji ni maji, Kidawa."

"Ndiyo," akasema, na akaondoka na kitumbua cha pili.

Sasa, bibi harusi sina ugomvi naye. Na wageni wa watu hawana kosa. Nikampigia simu Nusaiba, mtoto wa mdogo wangu, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa kina Kidawa, na mkono wake wa kupika nimeufundisha mie.

"Siku ile pika masufuria matatu. Yafunge blanketi, yaweke ndani."

"Ya nini, mama mkubwa?"

"Ya sadaka."

"Na wali wa Bi Kidawa ukitoka mzuri?"

"Basi itakuwa sadaka kweli, wape watoto wa chuoni. Mungu hakosi cha kuandika."

Siku ya harusi nimekaa jikoni La Rochelle na Murielle, simu tumeiegemeza kwenye birika. Video ya Nusaiba ikaingia. Kidawa kavaa gauni la kumeremeta, anapakua. Wali haukuanguka kwenye sinia. Ulimiminika! Kipimo cha maji cha Johannesburg, muda wa Johannesburg, kwa moto wa pwani. Kulikuwa na mzee mmoja kanyoosha shingo, akauliza kwa adabu zote, "Bi Kidawa, huu tuulie mkono, au mtatuletea vikombe?"

Murielle alianguka kwenye kiti. Mie nilicheka mpaka nikaingia chooni. Nikatoka, nikaitazama tena. Video ya pili, Nusaiba huyo anaingia na masufuria matatu, anasema taratibu, "Haya kayatuma Bi Mwatumu, kutoka Johannesburg." Watu wakala, wakashiba, wakauliza Bi Mwatumu ndiye nani.

Ile video ilifika Fordsburg kabla Kidawa hajanawa mikono.

Mwezi uliofuata Fahad, Mtanzania mwenzetu mwenye duka la vitambaa, akawa anaoza binti yake. Mkewe akaja chumbani kwangu mwenyewe, na kilo ya tende. "Bi Mwatumu, sufuria kubwa."

"Vitunguu atakata nani?"

Akainamisha kichwa, lakini mabega yanatikisika kwa kicheko. "Tutatafuta mtu."

Siku hiyo nimekaa uani nyuma ya ukumbi, masufuria manne yamezibwa unga, makaa juu, Murielle pembeni anapepea. Kidawa akaingia. Karudi wiki hiyo. Wanawake wote wakageuka, hata watoto. Akaja mpaka mbele yangu, kashika kiuno.

"Maji ni maji, eh?"

"Wewe ndiye ulonambia."

"Lini?"

"Duka la viungo. Siku moja kabla ya harusi ya yule binti wa Tanga. Ulivaa kanga ya zambarau, na kesho yake ndani ya gari la mumeo ulikuwa na mablanketi matatu."

Nikaona linamwingia. Likapita machoni, likashuka kwenye mdomo, mdomo ukatetemeka. Nikadhani atalia. Kumbe kicheko. Alicheka mpaka mtandio ukamdondoka, na wanawake wote wakacheka, na mie nikacheka, maana kucheka si kusamehe.

"Miaka kumi na saba, Mwatumu! Mshenzi wewe, umeniwekea miaka kumi na saba!"

"Na riba."

Akapangusa macho, akatazama sufuria. Mkono ukaanza kwenda, mazoea hayo. Ukasimama njiani. Akaurudisha.

"Nifunue?"

"Usiguse. Kaa."

Pale palikuwa na kreti la soda limepinduliwa. Akakaa. Mkubwa wa wanawake wa Kitanzania, na gauni lake, juu ya kreti. Nikamweka mpaka nikaridhika. Wali ulikuwa umeshaiva zamani, lakini mie nilikuwa bado. Halafu nikaondoa makaa, nikavunja unga, nikasema bismillahi, nikafunua.

Akachukua punje moja, akatafuna.

"Umeiva," akasema chini chini.

"Sikusikia. Na hawa hawakusikia."

"Umeiva! Hauna kiini! Haya, umeridhika?"

Vigelegele vikapanda mpaka barabarani, gari zikapiga honi. Murielle analia, anacheza, anasema vraiment. Mke wa Fahad akaniuliza sikioni, "Bi Mwatumu, sasa umemsamehe?"

Nikamwambia kusamehe ni kazi ya Mungu, mie kazi yangu kupika. Nikachukua sahani, nikakwangua chini ya sufuria, nikampakulia Kidawa ukoko, kipande kikubwa, kigumu kama kigae. Yale meno mapya aliyorudi nayo kutoka Unguja, sote tunajua, si yake.