Nilikata Waya wa Taa ya Injini

Nimekosa, ndugu zangu, na niliyemkosea bado ananishukuru. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mimi ni fundi wa magari hapa Kakamega. Natia injini za kisasa kwenye magari ya zamani, zile injini ambazo kompyuta ndiyo hupima petroli na kuinyunyiza. Naunganisha laptopu, naongeza hapa, napunguza pale, mpaka gari litulie. Nilijiona bingwa.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Shieywe aliniletea gari alilonunua ujanani, injini imekufa. Alitaka kumpeleka bintiye kanisani nalo siku ya harusi. Nikamtilia injini nyingine. Kila akija kuliangalia swali lilikuwa lile lile: "Fundi, hii itakunywanga mafuta mingi?"

Shida ilikuwa sensa ya ekzosi, kifaa cha kwenye bomba la moshi kinachoiambia kompyuta kama petroli inatosha. Ilikuwa mbovu, na taa ya onyo kwenye dashibodi haikuzimika. Sensa nyingine ingetoka Nairobi, na harusi ilikuwa Jumamosi. Mwalimu angeiona ile taa angekataa gari, nami nilishajisifu mtaa mzima. Basi nikakata waya wa taa. Nikaiambia kompyuta isiisikilize sensa, nikapunguza petroli kwa kufuata mlio tu, ili mzee afurahi. Nikalijaribu peke yangu kwenye tambarare. Likaenda vizuri mno.

Jumamosi Mwalimu aliendesha mwenyewe kwenda kanisani Navakholo. Mimi akanikalisha mbele kwa heshima. Nyuma alikaa bibi harusi na senge yake, dada ya Mwalimu, pamoja na mizigo yao. Tulipoanza kupanda mlima, injini ikakohoa. Nilijua papo hapo. Mzigo na mlima hutaka petroli zaidi, nami nilikuwa nimeinyima.

"Fundi, hii gari inakohoanga hivi?" senge akauliza.

Nikajifanya nasikiliza injini. Laiti ningesema, "Mwalimu, simama!" Niliona haya mbele ya bibi harusi. Injini ikazima.

Wengi hawajui kwamba injini ikizima, breki nazo huwa ngumu. Mwalimu alikanyaga, zikashika kidogo, akakanyaga tena, zikakataa. Handibreki ya kale haikusaidia kitu. Tukaanza kurudi nyuma. Nikageuka, nikaona trekta la miwa linapanda nyuma yetu. Nikapaza sauti:

"Kata usukani, Mwalimu! Tuingie mtaroni!"

Tukatumbukia kwa kishindo. Trekta likapita karibu sana, miwa ikikwaruza mlango. Bibi harusi alijigonga kichwa dirishani, na shela likalowa damu.

Alishonwa kwenye paji la uso, harusi ikafungwa jioni. Watu walipouliza nikasema petroli ilikuwa chafu. Mwalimu akaenda kumfokea mwenye kituo cha petroli, mtu asiye na kosa. Kwenye sherehe nikaitwa mkombozi, eti nilituokoa na trekta. Mama ya bibi harusi akaniletea ingokho, kuku wetu wa heshima, na juu yake firigisi, ile ambayo huachiwa mwenye boma. Niliitafuna mbele yao wote.

Sasa gari liko kwangu. Sensa nimebadilisha, waya nimeunga, petroli nimeipanga upya gari likiwa na mzigo mlimani. Lakini simu ya Mwalimu ikilia naiacha iite kwanza. Jana aliniambia, "Nimepatia majirani namba yako. Nimewaambia wewe ni mtu wa kuaminika."

Fundi mwenzangu, taa ikiwaka mwambie mwenye gari, hata kama ataenda harusini kwa miguu. Nawe mwenye gari, ukifungua swichi, taa ya injini iwake kwanza, kisha injini ikishawaka, taa izimike. Isipowaka kabisa, usilichukue gari hilo.

Mimi leo naenda kumwambia. Sijui atanifanya nini, na aliyeshonwa ni mtoto wake. Nimempigia asubuhi kusema nitapita jioni, nina neno.

"Karibu, fundi," akasema. "Usikule huko, mama anapika."