Mtoto Aliyeandikwa "Hatambui Kiazi"

Saa moja asubuhi, jiko la shule ya Ancapata, milimani Peru, limejaa moshi. Saturnina Taipe, mpishi mwenye miaka 53, anamenya viazi vya supu ya watoto thelathini na mmoja. Anamenya kama anayegombana na maganda.

Mjukuu wake Rosmery, miaka sita, anachambua kikapu na kutaja viazi kimoja kimoja kwa Kikechua, lugha ya kwao.

"Hiki mguu wa puma. Hiki pua ya ng'ombe. Hiki cha kumliza mkwe. Bibi, hiki utamenya mwenyewe!"

Kina manundu kila upande. Bibi harusi hupewa akimenye mbele ya mama mkwe.

"Umesikia? Ametaja kumi na saba," Saturnina ananiambia mimi, mgeni wake. "Sasa soma hii."

Anachomoa mfukoni mwa aproni karatasi ya matokeo ya mtihani. Mstari wa tatu umeandikwa: "Hatambui kiazi." Chini yake, Rosmery na wenzake wanane wanapendekezwa kupelekwa darasa la watoto wenye akili nzito, mjini, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Wazazi wakubali kwa kutia alama ya dole gumba kabla ya Ijumaa.

Kwenye mtihani, mwalimu alimwonyesha Rosmery picha ya kiazi laini cha njano, cha pwani, akauliza kwa Kihispania ni nini. Mtoto amesikia Kihispania miezi minne tu, lakini swali alilielewa. Kiazi ndicho hakuwahi kukiona. Huku milimani Huancavelica kila kiazi kina jina lake, na kukipa jina la kingine ni uongo. Akatikisa kichwa.

"Kwetu hakipo kile," anasema Rosmery. "Ningesemaje?"

Kikechua Saturnina hakufundishwa na mtu. Alikisikia akiwa mgongoni mwa mama yake. Kihispania alikikuta Lima, mji mkuu, akiwa mtumishi wa ndani wa miaka kumi na mitatu.

"Neno la kwanza nililojua ni 'mjinga'. La pili ni 'harakisha'," anasema. "Mwaka mzima waliniita bubu. Sikuwa bubu, nilikuwa nasikiliza! Mtoto mchanga husikiliza mwaka mzima kabla hajasema 'mama'. Mbona yeye hamwandikii karatasi?"

Hulipwa soli 15 za Peru kwa siku kwa kupika. Kwa kuitwa darasani kuwatafsiria watoto wanapolia, halipwi chochote.

Mwalimu Karina Olaechea, miaka 24, mzaliwa wa pwani, anafika mlangoni kuomba maji ya moto. Anaiona karatasi.

"Nilipewa fomu, Mama Saturnina. Lugha sikupewa. Ningefanyaje?"

"Ungeuliza! Kutoka darasani hadi hapa ni hatua ishirini. Njia ya kufuata chai yangu unaijua, ya kufuata ulimi wangu hukuijua?"

Mwalimu anainamisha kichwa. Anasema kwamba Saturnina akiwauliza watoto upya kwa Kikechua, yeye atakaa pembeni aandike. Lakini ofisi ya elimu haitakubali mtihani mpya bila wazazi wote tisa kukataa kutia dole.

Ndiyo maana, sufuria zikishaoshwa, Saturnina anazunguka nyumba kwa nyumba. Watano, nyumba yake ikiwemo, wamekubali kutotia dole. Nyumba ya sita ni ya Eleuterio, shemeji yake.

"Tusigombane na serikali, shemeji," Eleuterio anasema bila kuacha kusuka kamba. "Wanasema huko mjini watoto wanapewa maziwa."

"Maziwa! Mwanao anakuhesabia kondoo themanini jioni bila kukosea, wewe unakubali aitwe mjinga kwa kopo la maziwa?"

"Mimi mwenyewe niliitwa hivyo. Sikufa."

"Hukufa. Ila hujawahi kuingia ofisi yoyote bila kutetemeka. Au nasema uongo?"

Eleuterio anainuka na kamba yake. Anaingia ndani, anafunga mlango.

Saturnina anasimama nje kidogo, kisha anashuka njia ya mtoni. Ng'ambo kuna nyumba tatu ambazo hajazifikia, na kesho, Alhamisi, ndiyo siku ya mwisho.

"Kesho nitarudi kwanza kwa huyu," ananiambia. "Hajatia dole bado."