Petroli Imepanda, Midomo ya Baba Mkwe Imevimba

(Aliyetuletea kisa hiki ni dereva wa Kigoma. Jina lake tunalo, na litabaki kwetu.)

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minne, Mmanyema wa Ujiji. Shule niliiachia darasa la nne, ila dunia nimeimaliza: Tabora nimepeleka malori, Mombasa nimelala, Bujumbura wananijua kwa kicheko kabla hawajaniona. Sasa naendesha teksi ya ushirika wetu wa madereva, Pijo jeupe, kati ya Ujiji na Kigoma mjini. Nyumba yangu ilibomolewa na mvua, kwa hiyo mimi, mke na watoto tunaishi Rusimbi, ua mmoja na baba mkwe. Najua, najua. Mwanamume kuishi ukweni ni kama jogoo kulala kwenye kiota cha kuku wa jirani. Nimeshachekwa, endeleeni kusoma.

Mambo yalianza redio ilipotangaza kwamba petroli imepanda. Asubuhi madereva wote hukutana penye pampu, na siku hiyo hakuna aliyesalimia.

"Ng'ambo kwa Warundi bado rahisi," alisema Kilemba, dereva wa Landrova ya Kidahwe.

"Kalete debe lako ukamatwe, ukale ugali wa serikali," mwingine akamjibu.

"Mimi nikifika mteremkoni nazima injini. Nashuka bure kama jiwe."

"Na breki?"

"Breki anazo Mungu."

Nami, mdomo haujui kukaa, nikawaambia: "Nyie mnaendesha punda. Mimi namwongoza mwali. Gari langu linanusa petroli tu, halinywi!"

Laiti ningemeza ulimi. Haikupita wiki, Pijo likaanza kunywa kuliko walevi wa gongo. Jioni naliegesha na nusu tangi, asubuhi mshale umelala chali. Kilemba akawa ananisubiri pale pampu: "Bwana Mdomo, mwali wako ana mimba nini? Mbona anakula kwa watu wawili?" Wote wanaangua kicheko. Nikafungua kabureta, nikabadili mipira, wapi. Mwenyekiti wa ushirika akaniita mbele ya wenzangu. "Mali ya wote inavujia mkononi mwako," akasema. "Ijumaa ulete mwizi, au uweke funguo mezani." Mji wetu huu mdogo, dereva akiweka funguo kwa jina la wizi, hata mkokoteni hapewi.

Mchana mmoja naosha gari, nikaona kipande cha mpira wa maji kimefichwa nyuma ya banda la kuku. Kinanuka petroli, na upande mmoja kina alama za meno. Nikajua mwizi anafyonzea tangi langu kwa mdomo. Moyoni nikamshuku mlinzi wa jirani. Nikaponda pilipili kichaa, nikapaka pale penye meno, nikakirudisha kilipokuwa. Nikalala nikitabasamu.

Asubuhi baba mkwe hakutoka kusalimiwa. Mzee huyu ni mjumbe wetu wa nyumba kumi, mtu wa kofia iliyonyooka, na pale Kibirizi ana boti la injini linalobeba wachuuzi wa dagaa. Tangu petroli ipande, Kigoma nzima imelia isipokuwa yeye. "Injini ni adabu," hutuambia. Basi nikamwona mke wangu anapita mbio na kikombe cha maziwa.

"Kuna nini?"

"Baba kaumwa na nyigu."

Nikachungulia. Midomo ya mzee ilikuwa imeumuka kama maandazi, na chumba chote kinanuka petroli.

Sasa mnielewe. Mke wangu ni Muha, na kwa Waha, mkwe humtazami usoni, jina lake hulitamki, sembuse kumwita mwizi. Nikainama hadi mgongo ukalia. "Shikamoo, baba. Pole kwa nyigu." Akaitikia kitu ambacho nadhani kilikuwa marahaba.

Mke wangu akanifuata uani. "Ni wewe uliyepaka?"

"Kumbe ulikuwa unajua!"

"Baba ni baba. Boti likilala, mama atakula nini? Na wewe gari lenyewe si lako, la ushirika. Ukimtaja, mimi na watoto ndiyo basi."

"Mtakwenda wapi, na kwenu ndiyo hapa?"

"Nani kasema sisi ndio tutakaokwenda?"

Ijumaa kikao kikajaa. Baba mkwe alikuja kama mjumbe, kajifunga kitambaa mdomoni. Akaombwa neno. Akasimama polepole, akasema: "Ndugu wananchi, mnyonyaji ni mnyonyaji, hata akiwa mkwe wangu. Msinionee haya. Mfukuzeni." Watu wakapiga makofi kwa uongozi huo usio na upendeleo. Kilemba alicheka mpaka akakaa chini. Mimi, Bwana Mdomo wa Mombasa na Bujumbura, nilitazama vidole vyangu vya miguu. Kwa heshima ya mzee, mwenyekiti akaniongezea muda wa kumleta mwizi hadi mwisho wa mwezi.

Haikutosha. Habari ya pilipili ikawafikia wazee wa ukoo wa mke wangu, na jana walikuja wakaketi. Wanasema mkwe akitiwa ukali mdomoni na mume wa binti yake, aibu hiyo haifutiki bila mbuzi dume na kupiga magoti. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mdomo huo ulikwenda kutafuta nini kwenye mpira.

Ndugu wasomaji, nikimtaja mzee, nimepoteza mke na watoto. Nikinyamaza, nimekuwa mwizi maisha yangu yote kwa petroli ambayo sikuionja hata tone. Na moyo wangu huu mjinga, jana nilipomwona anashindwa hata na uji, mimi ndiye niliyeupooza. Nishaurini, nishike lipi? Ila mnijibu upesi, maana asubuhi hii mke wangu kaniletea salamu kutoka chumba cha pili:

"Baba anasema redio imetangaza, Jumatatu petroli inapanda tena. Leo ujaze tangi lote."