Doa Nililokatazwa Kulitaja

Mteja alitoka chumba changu cha masaji amejifunga taulo tu, mafuta yakimchuruzika mgongoni, akaenda moja kwa moja mapokezi kunishtaki.

Kosa langu? Nilimwambia ukweli.

Nilikuwa mkandaji kwenye saluni ya meli ya watalii, ghorofa ya tisa. Mteja akiingia, kwa ile harufu na ule muziki laini, anadhani amefika peponi.

Akitoka, amenuna.

Ataachaje kununa? Kalipia saa nzima ya kukandwa, dakika ishirini za mwisho anahubiriwa anunue chupa za dawa. Tulifundishwa hivi: mshike mahali, guna kidogo, mwambie ana tatizo. Hofu ikishamwingia, mtolee dawa.

Nami niliguna. Sijivunii. Niliwahi kumwambia mzee wa watu kwamba magoti yake yamejaa sumu, nikamuuzia vidonge vya mwani.

Bosi wetu tulimwita Madamu. Alikuwa na tabia ya kusimama nyuma ya pazia kusikiliza unavyouza. Viatu vyake unaviona kwa chini. Alishanionya mara mbili kwamba siuzi vya kutosha. Onyo la tatu, unashushwa bandari inayofuata.

Ndipo akaja huyo mama. Mtu mzima, mpole, mgongo umekaza kama ubao. Nikamlaza kifudifudi, nikashusha taulo.

Mikono ikagoma.

Chini ya bega la kushoto palikuwa na doa jeusi, kingo zimepindapinda, katikati pamevimba.

Shangazi yangu aliyenilea alianza na doa la namna ile kisiginoni. Tulilipaka kila dawa tuliyoisikia. Hospitali tulifika tumechelewa. Tukamzika.

Nikatoka nje ya pazia, nikamnong'oneza Madamu. Akachungulia. Wala hakushtuka.

"Muuzie krimu ya kuondoa madoa," akaniambia. "Ugonjwa hautajwi humu."

Nikarudi ndani. Viatu vikabaki palepale.

Nikaweka tena viganja mgongoni kwa mama. Nikamfikiria mdogo wangu, anayesoma kwa mshahara ule. Nikamfikiria shangazi. Nikainama sikioni kwa mama.

"Mama, hapa mgongoni una doa. Silipendi. Nenda kwa daktari leo."

Akageuza shingo, akanitazama kwa macho yaliyochoka.

"Jana wa nywele kaniambia nywele zangu zinakufa. Wa uso kaniambia ngozi imejaa sumu. Wewe unauza nini?"

"Siuzi kitu, mama."

"Na huyo daktari naye ana krimu yake?"

Nikabaki nimeshika chupa ya mafuta kama mwizi aliyekutwa nayo.

Hapo pazia likafunguka. Madamu akaingia na tabasamu na kopo la krimu, akaomba radhi kwa niaba yangu, akaapa doa litafutika kwa wiki mbili. Ndipo akaharibu kabisa. Mama akainuka, akavuta taulo, akatoka.

Kabla siku haijaisha nikaambiwa nifungashe.

Siku mbili baadaye meli ikafika bandarini. Nikashuka ngazi na sanduku langu, macho chini. Kwenye benchi palepale alikaa yule mama, na mizigo yake miguuni. Nikataka kumpita. Akanishika mkono.

Akanieleza taratibu. Siku ile alitoka kwangu na hasira zake, akavaa, akaenda kwa daktari wa meli. Hakwenda kutibiwa. Alitaka karatasi yenye muhuri kwamba hana ugonjwa wowote, aiambatanishe na malalamiko yake, nisipate kazi kwenye meli yoyote tena.

"Daktari kakataa kuniandikia," akasema. "Gari la hospitali linakuja kunichukua hapa."

Hospitali walilikata doa wiki ileile. Lilikuwa ugonjwa wenyewe niliouhofia, saratani ya ngozi, ila ulikuwa haujasambaa. Mpaka leo yu mzima.

Kazi sikurudishiwa. Nakanda watu kwenye saluni ya vitanda viwili sasa, na asiye na tatizo namwambia hana.

Watu wakisikia kisa hiki hunisifu kwamba niliokoa maisha ya mtu. Sivyo. Mama yule aliokolewa na hasira zake, kwa maana neno langu halikuwa na thamani tena. Ukimtisha mtu kila siku ili anunue, siku ukimwonya kwa dhati atashika pochi yake tu, akijua unataka kumuuzia.