Saa Mbili Baada ya Chakula

Nilikuwa nimelala ubavu kwenye sakafu ya jikoni, nyumbani kwa mdogo wangu huku Kasense, na kupitia mlango nilimwona wifi yangu amesimama kwenye choo cha nje, pakiti ya vidonge vyangu mkononi. Uso wangu ulikuwa umejaa vipele, midomo imepasuka, tumbo limeniendesha mpaka kanga niliyojifunga ilikuwa yake, zangu zote ziko kwenye beseni.

"Dawa imemkataa," alimwambia mumewe, huku analia. "Huoni inamuunguza kutoka ndani? Nazitupa chooni."

Vidonge vile ndivyo vilivyokuwa vinaishika saratani ya pafu langu isinimalize. Vingine sikuwa navyo. Nikainua mkono kumzuia, mkono ukarudi chini wenyewe.

Sasa nieleze nilifikaje pale sakafuni, maana sikujipeleka. Wapo walionipeleka. Majina yao siandiki, wenyewe wanajijua.

Wa kwanza ni yule bwana wa zahanati aliyesikia kikohozi changu akasema ni vumbi la kupepeta ulezi. Niliporudi akasema kifua kikuu, akanipa dawa bila kuniomba hata makohozi. Nikazimeza zikaisha, kikohozi kikabaki. Walioijua saratani ni wa hospitali ya mbali, walionipiga picha na kunikata kinyama kidogo wakapime. Na kila mtu akaniuliza navuta sigara gani. Sijavuta sigara maishani mwangu, hata ya kuonja.

Wa pili ni yule wa dirisha la dawa la hospitali hiyo ya mbali. Nikamuuliza, "Baba, hii namezaje?" Akaandika kwenye bahasha, akaisukuma.

"Unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi soma. Anayefuata!"

Nimeishia darasa la nne, lakini kusoma najua. Bahasha ilisema kidonge kimoja kwa siku, saa 1 kabla ya chakula au saa 2 baada ya chakula. Nikaona nimepewa nafasi ya kuchagua: saa moja asubuhi kabla sijala, au saa mbili asubuhi nikishakula. Mama yangu alitulea kwamba dawa haishuki kwenye tumbo tupu. Nikachagua saa mbili. Kila siku nakula kiporo cha ugali wa ulezi na maharage, nashiba, redio ikitangaza saa mbili nameza. Sikupitisha hata siku moja. Nilijisifu, kusema kweli.

Kilichonisumbua siku zile za mwanzo kilikuwa kingine kabisa. Kidonge kinaingia tumboni, ugonjwa uko kwenye pafu. Kinafikaje?

Mdogo wangu alipochinja mbuzi wa kipaimara cha binti yake, nikamwomba mapafu na koo lake. Nikaona bomba la hewa limeshika njia yake, na la chakula limepita nyuma yake likashuka tumboni. Hayakutani chini. Nikachukua ganda la kalamu iliyokwisha wino, nikalichomeka kwenye bomba la hewa, nikapuliza. Pafu likaumuka kama unga wa maandazi, la rangi ya waridi. Nikaacha, likanywea.

"Dada, unachezea mboga!"

"Nasoma."

"Shule uliikimbia, leo unasomeshwa na mbuzi?"

"Afadhali huyu. Hanichapi."

Akacheka, lakini akachuchumaa naye. Nilikuwa nadhani mapafu ni mifuko miwili mitupu. Nikapasua kwa kisu: hakuna utupu, ni vijitundu vidogo vidogo kama vya mkate, na damu kila mahali. Nikalitupia kwenye ndoo, likaelea. Mdogo wangu akanionyesha ile ngozi inayotenga kifua na tumbo. "Hiki kiwambo ndicho kinachovuta," akasema. "Kikishuka, hewa inaingia. Pafu lenyewe halina nguvu." Lakini njia ya kidonge hakuijua, wala mimi sikuiona.

Baada ya hapo vipele vikaanza, tumbo likafuata, mpaka siku ile ya sakafuni. Aliyeniokoa ni huyo huyo mdogo wangu. Alimshika mke wake mkono. "Subiri. Wanaoijua dawa ndio waseme." Akatia pakiti mfukoni, akanibeba kwenda hospitali ya hapa mjini.

Daktari alikuwa binti mdogo, mtu wa Mbeya.

"Shikamoo mama. Kidonge unameza saa ngapi?"

"Marahaba. Saa mbili asubuhi, baada ya chakula. Kama mlivyoandika."

"Baada ya chakula kwa muda gani?"

"Muda gani tena? Nikinawa mikono."

Akaweka kalamu chini. "Mama, ulisoma vibaya."

"Nisomee wewe."

Akachukua bahasha, akasoma kwa sauti. "Saa mbili baada ya..." Akarudia kimyakimya, midomo inacheza. Hakuniambia tena kwamba nilisoma vibaya.

Yeye ndiye aliyenijibu swali langu. Tumbo linaiingiza dawa kwenye damu, na damu yote ya mwili hupita kwenye mapafu kuchukua hewa, kwenye kuta za vile vijitundu. Hiyo ndiyo njia. Na dawa yangu hii, ikikuta chakula, inaingia kwenye damu kwa wingi kupita kiasi. Nilikuwa nameza kimoja, mwili unapokea kama nimezidisha. Zipo dawa nyingine za saratani zinazotaka chakula, akasema, kwa hiyo nisimfundishe jirani ya kwangu. Na nisiache, nisipunguze, wala nisichanganye na dawa ya kiungulia au mizizi bila kumuuliza kwanza.

Akanisimamishia kwa muda, ngozi ikapona, akanirudishia. Sasa nameza kidonge alfajiri, kengele ya kanisa ikilia, na uji nausubiri saa nzima. Wifi ndiye anayenichunga. "Bado, wifi, weka kikombe chini!" Napumua. Najua hata kinachovuta.

Nilirudi kwenye lile dirisha. Yule bwana akatazama bahasha, akasema, "Mama, hili kila mtu analielewa."

Kila mtu yupi? Tanzania hii saa mbili ni saa mbili, redio inaitangaza, kengele ya shule inagongwa. Kama alitaka masaa mawili yapite, wino wa kuandika "yapite" ulikuwa umekwisha? Namtaka atoke nyuma ya dirisha, yeye na mkubwa wake, wasome maandishi yale kwa sauti mbele yangu na mbele ya wifi yangu, kisha wajibu: vidonge vingetumbukia chooni siku ile, mimi nikazikwa, mngesema nimeuawa na dawa, na wifi, au na darasa la nne?